Krimu ya saratani ya ngozi: namna ya kuipaka mpaka imalize kazi

Naandika hii kwa mtu aliyetoka kliniki na tyubu mkononi, au ana mtoto au mzazi aliyepewa, akafika nyumbani Tandahimba au Ruangwa huko akabaki anaiangalia tu hajui aanzie wapi, maana foleni ilikuwa ndefu na dokta alieleza haraka haraka. Mdogo wangu ana ualbino, tunaishi Masasi, alipakwa krimu hii kwenye paji la uso na mikononi na mimi ndo nilikuwa nampaka, kwa hiyo mengi humu nimeyaona kwa macho na mengine nimewauliza madokta wa ngozi. Kitu kikubwa nachotaka kikukae kichwani ni kwamba hii dawa inaanza kwa kuharibu. Ngozi lazima iwake, ichubuke, itoe vigaga, hapo ndo ujue inafanya kazi, na wengi wetu tunaiacha palepale ilipoanza kazi.

Krimu zenyewe ziko mbili. Ya kwanza inaitwa fluorourasili, madokta wanaandika 5-FU kwenye kadi, tyubu inayojulikana zaidi ni Efudix na nguvu yake ni asilimia 5. Ilitengenezwa Marekani miaka ya 1950 kama dawa ya saratani ya kuingizwa mwilini, na mpaka leo inatumika hivo kwa saratani ya utumbo mpana na nyingine, baadae ndo ikaja ya kupaka. Inavyofanya kazi, seli ikitaka kugawanyika inahitaji malighafi ya kutengenezea vinasaba vyake, sasa dawa hii inajifanya ni hiyo malighafi, inaingia na kuziba njia, seli inakwama inakufa. Seli za saratani zinagawanyika kwa pupa ndo maana zinakufa nyingi kuliko zile nzima za pembeni. Ya pili ni imikwimodi, wengi wanaijua kama Aldara, hii inaamsha kinga ya mwili ije ishambulie pale ulipopaka. Nitaongea zaidi kuhusu 5-FU, imikwimodi nitaigusa mbele huko.

Hatua ya 1: kinyama kipimwe kwanza

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye roho ya mtu. Krimu hizi ni za saratani iliyo juu juu tu. Ile inayoitwa besal seli kasinoma, kwenye kadi wanaandika BCC, ikiwa bado bapa haijazama, inatibika kwa krimu. Pia zile sehemu kavu zinazokwaruza ukipitisha kidole kama msasa, ambazo jua limeziharibu na zikiachwa baadhi yake zinageuka saratani, nazo zinapakwa. Lakini kuna saratani nyingine, skwamasi seli kasinoma, SCC, na hii ndo inayowapata zaidi ndugu zetu wenye ualbino Afrika, BCC inafuata nyuma yake. SCC ikishazama chini inaweza kusambaa mpaka kwenye tezi za shingo au kwapa, hiyo inataka kukatwa, wakati mwingine na mionzi, na ukiipaka krimu unachofanya ni kukausha juu wakati chini inaendelea kula. Nje panaonekana pamepona, ndugu wanafurahi, baada ya miezi uvimbe unatokea shingoni.

Kwa macho huwezi kuzitofautisha, hata dokta mzoefu anataka uhakika wa maabara. BCC bapa inafanana na choa au ukurutu, kibaka chekundu chenye magamba ambacho umekipaka dawa ya fangasi na wala hakisogei. Nyingine ni kauvimbe kanakong'aa, kanatoka damu kidogo, kanaweka kigaga, kanaonekana kamepona alafu kanatoka tena. Kwa ngozi nyeusi kanaweza kuwa keusi kabisa ukadhani ni alama tu. SCC mara nyingi ni ngumu, nene, inauma, inakua haraka, inapenda midomo, masikio na kichwani. Na kwa watu wasio na ualbino huku kwetu SCC inaweza kuanzia kwenye kidonda cha siku nyingi, au kovu la moto mguuni ambalo limekaa miaka alafu likaanza kuchimbika upya, hilo usilipake krimu ya mtu hata siku moja.

Kwa hiyo kidonda chochote kisichopona ndani ya wiki 4 nenda kapimwe. Anzia zahanati wakupe rufaa, au kwa Mtwara nenda Ligula au ile Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, kwa upande wa Masasi kuna Ndanda, Lindi kuna Sokoine na Nyangao. Piga simu kwanza au tuma mtu aulize daktari wa ngozi yupo siku gani, nauli ya kutoka Nanyumbu au Liwale sio ya kuchezea ukafika ukaambiwa rudi wiki ijayo. Watakupiga ganzi, wakate kipande kidogo cha nyama, kiende maabara, hiyo inaitwa bayopsi. Majibu yanaweza kuchukua muda, yasubiri na uyafuatilie, usikae nyumbani ukisema wakiyapata watanipigia. Kama ni kubwa utapelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road Dar es Salaam au hospitali ya KCMC Moshi ambako kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, ni mbali ndio, lakini nenda.

Kuna mtu atakushauri uchome na mafuta ya ganda la korosho. Nakuomba sana usifanye. Yale mafuta yana asidi inayounguza kweli, kila aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua vidole vinavyobabuka, lakini yanaunguza ngozi yoyote, hayachagui, na saratani iliyo chini inabaki hai chini ya kovu ambapo dokta hataiona tena.

Hatua ya 2: hakikisha tyubu ndo yenyewe

Soma jina la dawa kwenye boksi, sio rangi ya boksi. Nimekutana na mama kaandikiwa 5-FU, duka la mtaani hawana, wakampa krimu ya steroidi ile ya tatu kwa moja yenye antibayotiki na dawa ya fangasi, wakamwambia ni zilezile. Sio zilezile hata kidogo, steroidi inashusha kinga ya ngozi, wekundu unapungua unadhani umepona. Kama famasi ya hospitali haina, muulize dokta inapatikana wapi na mwombe akuandikie jina kwa herufi kubwa, bora usubiri ndugu akutumie kwa basi kutoka Dar kuliko kupaka kitu kingine. Angalia tarehe ya kuisha na kama tyubu imefungwa vizuri.

Kabla hujaondoka kwa dokta mwambie haya hata kama hajauliza. Kama una mimba au unanyonyesha, 5-FU haipakwi kabisa, na mwanamke anayeweza kushika mimba awe kwenye uzazi wa mpango kipindi chote cha dawa. Kama unatumia wafarini ya kuzuia damu kuganda au fenitoini ya kifafa. Kama unaishi na VVU, maana kinga ikiwa chini saratani za ngozi zinakuja kwa kasi zaidi na dokta anaweza kubadili mpango. Na kama kuna mtu kwenye familia aliwahi kutibiwa saratani kwa dawa hii akaumwa vibaya sana, sema, kuna watu wachache mwili wao hauna kimeng'enya cha kuivunja na kwao ni sumu.

Hatua ya 3: panga muda

Kwa BCC bapa kawaida ni mara 2 kwa siku kwa wiki 3 mpaka 6, wengine dokta anawasogeza hadi wiki 10 au 12. Kwa zile sehemu za msasa ni wiki 2 mpaka 4. Fuata alivyoandika wako.

Sasa jua na hii dawa haviendani, ukipigwa na jua pale ulipopaka mwako unazidi maradufu. Kwa hiyo kama dokta anakubali kuchagua wakati, usianze katikati ya msimu wa korosho, Oktoba Novemba ile watu wote wako shambani wanaokota na jua linachoma. Sisi tulianza baada ya msimu. Lakini kama amesema anza leo, anza leo, korosho wataokota wengine, ongea na wajomba na shangazi mapema wagawane kazi yako. Hili la kuongea nalisisitiza, maana mgonjwa wa krimu haonekani mgonjwa wiki ya kwanza na watu wanaanza kusema anakwepa jembe.

Na kwa sisi tunaoswali, dawa ya usoni au mikononi inaoshwa na udhu. Tulichofanya ni kupaka baada ya swala ya alfajiri, inakaa mpaka adhuhuri imeshanyonywa, na ya pili baada ya isha wakati hakuna tena kunawa. Kidonda kikishachubuka na maji yanauma, muulize sheikh wako kuhusu kutayamamu au kupangusa, dini ina nafasi kwa mgonjwa.

Hatua ya 4: kupaka kwenyewe

Osha sehemu kwa maji safi na sabuni isiyo na harufu kali, usisugue. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini, alafu subiri kama dakika 10 ngozi ikauke kabisa. Huko Newala juu maji ni ya kununua kwa ndoo najua, kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa kinatosha kwa sehemu ndogo.

Vaa glavu, au tumia kijiti cha pamba, usitumie kijiko wala kitu cha chuma. Kamua kidogo sana. Paka juu ya kibaka na kama sentimita 1 kuzunguka, ngozi ing'ae kidogo tu, ukiona weupe umebaki juu umezidisha. Mimi siku ya kwanza nilimwomba dokta anichoree mpaka kwa kalamu kwenye mkono wa mdogo wangu nikaupiga picha kwa simu, kila nikipaka naangalia picha, maana baada ya wiki 2 wekundu unatapakaa hujui tena ulianzia wapi. Sehemu zote kwa pamoja zisizidi eneo la kama sentimita 23 kwa 23, kama ni nyingi dokta atagawa, mkono huu kwanza, ule baadae.

Kaa mbali na macho, ndani ya pua na midomo. Usoni ile mikunjo ya pembeni ya pua dawa inapenda kujikusanya ikachoma zaidi, hapo paka nyembamba kabisa. Usifunike na nailoni wala plasta isiyopitisha hewa, dawa inazama kupita kiasi, labda dokta mwenyewe aseme. Shashi nyepesi inaruhusiwa. Ukimaliza tupa glavu, nawa mikono kwa sabuni hata kama ulivaa glavu. Mwenye mimba asimpake mgonjwa, na mgonjwa asimlaze mtoto mchanga kifuani kama kapakwa hapo.

Mafuta yaliyomo kwenye hii krimu yanashika moto. Kanga au shuka iliyoloa krimu ikikaribia jiko la mkaa au koroboi inawaka haraka sana, kwa hiyo aliyepakwa asipulize jiko, na foronya ifuliwe mara kwa mara.

Tyubu ikae wapi? Boksi linasema isizidi nyuzi 25 au 30, na nyumba ya bati Mtwara saa 8 mchana inapita hapo. Sisi tuliiweka kwenye sanduku lenye kufuli uvunguni, chumba cha upande usiopigwa na jua la jioni. Kufuli ni muhimu kuliko baridi. Mbwa akitafuna tyubu hii anaweza kufa, kiasi kidogo tu kinamtosha, na paka vilevile, usimwache akulambe ulipopaka. Tyubu iliyoisha usitupe jalalani wanakopita mbwa na mbuzi na watoto, irudishe famasi ya hospitali.

Hatua ya 5: moto ukianza

Siku za kwanza hutaona kitu. Usiongeze dawa. Kuanzia kama siku ya 3 mpaka mwisho wa wiki ya kwanza panaanza kuwa pekundu, au kwa ngozi nyeusi panaiva panakuwa peusi zaidi, panawasha. Wiki ya 2 panaunguza, panavimba kidogo, na vinatokea vibaka vingine pembeni ambapo hukujua kama pana tatizo, hii ni kwa sababu dawa inaziona seli mbovu ambazo jicho halizioni. Wiki ya 3 panachubuka, panatoa majimaji, panaweka vigaga. Panatisha kwa kweli.

Mdogo wangu alipofika hapo paji lote lilikuwa bichi, kigaga cha njano kimeshika mpaka kwenye nyusi, akilala anageuza uso ukutani asiguse mto. Mama akaniita nje akaniambia, "Mwanangu, dawa hiyo inamla mwenzio, iache, twende tukamtafutie nyingine." Sikubishana nae, nilipiga simu kliniki nikampa aongee na nesi mwenyewe. Nesi akamuuliza, "Mama, ana homa? Pananuka? Kuna usaha? Macho yamevimba yamefunga?" Mama akajibu hapana, hapana, hapana. "Basi mama yangu, hiyo ndo kazi yake, mvumilie amalize." Baada ya hapo mama ndo akawa anakumbusha saa ya kupaka. Kwa hiyo chukua namba ya kliniki siku ileile unayopewa tyubu, na mwelimishe mkubwa wa nyumba kabla, maana yeye ndo ataikatiza dawa kwa huruma.

Cha kutuliza: paracetamoli, kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi ukiweka dakika chache, kivuli. Usibandue kigaga. Usiweke dawa ya meno, majivu, asali, unga wa antibayotiki wala spiriti. Usipake steroidi ya kwako, dokta akitaka kutuliza mwako baadae atakuandikia mwenyewe. Ukizidiwa na maumivu mpigie dokta, anaweza kukwambia pumzika siku kadhaa alafu endelea, hilo ni tofauti kabisa na kuacha kimyakimya.

Lini ukimbie

Usaha, harufu, homa, wekundu unaopanda kwenda mbali na pale ulipopaka, hapo vijidudu vimeingia, nenda siku hiyohiyo. Dawa ikiingia jichoni osha kwa maji mengi na uende. Na kuna hali moja ni adimu lakini ni ya hatari: mtu anapaka ngozi tu alafu anaanza kuharisha sana au kuharisha damu, anatapika, mdomo wote vidonda, homa na kutetemeka. Acha dawa palepale, nenda hospitali na tyubu yako mkononi uwaonyeshe, huyo huenda ndo wale wasio na kile kimeng'enya.

Kama umepewa imikwimodi

Hii ni pakiti ndogondogo, unapaka usiku siku 5 kwa wiki, kawaida Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa wiki 6, inakaa kwa muda wa kama saa 8 alafu asubuhi unaosha. Ni kwa BCC bapa isiyozidi sentimita 2. Nayo inawaka na kutoa vigaga, cha ziada ni kwamba mwili unaweza kuuma kama una mafua makali au malaria. Huku kwetu homa ni malaria mpaka kipimo kikatae, kwa hiyo kapime, usijiambie ni krimu tu.

Kuhusu ipi ni bora, Uholanzi waliwafuatilia watu 601 wenye BCC bapa, baada ya miaka 5 waliopaka imikwimodi kama 80 kwa kila 100 walikuwa hawana saratani pale, wa fluorourasili kama 70. Kukata bado kunashinda zote mbili, inapita 90. Wale ni Wazungu, hali ya hewa yao na ngozi yao ni nyingine, lakini namba hizi zinatufaa kwa kujua kwamba katika watu 10 waliopaka 5-FU vizuri kabisa, kama 3 itawarudia au haitaisha. Ndo maana hatua inayofuata siipendi watu waiache.

Hatua ya 6: baada ya dawa

Ukiacha kupaka, vigaga vinaanza kudondoka vyenyewe, ngozi mpya inakuja ndani ya wiki 2 mpaka 4, wekundu au weusi unaweza kubaki miezi. Wakati huu vaselini safi inaruhusiwa. Rudi kliniki baada ya kama miezi 3 hata kama hapaumi, dokta ataangalia kama imeisha, na pakimtia shaka atakata kinyama tena. Baada ya hapo mwenye ualbino akaguliwe mwili mzima kila miezi 3 mpaka 6, kichwani chini ya nywele, nyuma ya masikio, mgongoni, nyuma ya miguu. Nyumbani kila mwezi vueni mkaguane chumbani penye mwanga, na picha za simu zilinganishwe na za mwanzo.

Na jua ni lilelile. Kofia ya ukingo mpana pande zote, kapelo haifuniki masikio wala shingo. Shati la mikono mirefu lililofumwa likabana, lile ukilinyanyua kwenye mwanga huoni upande wa pili. Mafuta ya jua yapakwe kabla ya kutoka na yarudiwe kila baada ya saa 2 na ukitoka jasho. Pale KCMC Moshi wanatengeneza ya kwao yanaitwa Kilisun, yametengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino, ulizia hospitali yako ya mkoa au chama cha watu wenye ualbino wilayani kama yanafika kwenu. Shambani nenda alfajiri urudi kabla ya saa 4, jioni baada ya saa 10, na mtoto shuleni mwalimu ajue asimsimamishe mstarini juani wala asimpe adhabu ya kufyeka. Nenda umwone mwalimu mwenyewe, usimtume mtoto akaseme.